Ngoma ya Mahurunga Haifungiwi Kabatini

Jua halijapata makali, na Riziki Mohamedi ameshawasha moto wa vifuu nyuma ya iliyokuwa nyumba ya masista, Likombe. Anausogeza uso wa ngoma kwenye joto, anaupiga kwa kiganja, anasikiliza. Bado umelegea. Anaurudisha motoni.

"Ngozi ikikaa bure inakufa," anasema. "Mimi nimeajiriwa kutunza vitu, siyo kuvizika."

Masista walipohama, nyumba yao ikawa makumbusho ya historia ya wenyeji. Vyungu vimepangwa kwenye chumba chao cha chakula, ngoma zimewekwa kwenye kikanisa. Riziki, Mwislamu na mama wa watoto watatu, ndiye anayefagia na kutembeza wageni. Majirani wanamtania kwa kumwita Sista Riziki, naye anaitika.

Ngoma hii ilitolewa na wanawake wa Mahurunga kwa sharti moja: msimu wa unyago, mabinti wanapofundwa, irudi kijijini ikapigwe. Kila mwaka imekwenda na kurudi.

Safari iliyopita ilirudi imechanika ngozi. Mwenyekiti wa kamati ya makumbusho, Idrisa Shaibu, akaona sasa basi. Ameagiza ifungiwe kwenye kabati la kioo. Ikitoka, na Riziki atoke.

"Ikipotea hatupati nyingine," anasema Idrisa, wala hana ukali. "Dada Riziki namheshimu, lakini utaratibu ni utaratibu."

Riziki akisikia hivyo anacheka kwa hasira.

"Utaratibu gani tena? Ilichanika, tukawamba ngozi mpya, si hii hapa! Bibi Mwanakombo, kungwi wao, alinikabidhi mkononi. Nikamwambia, sawa bibi, itarudi. Leo nimwambie nilimlaghai?"

Anajua akifukuzwa hana pa kukimbilia zaidi ya shamba la mihogo la mama yake.

"Naogopa, kwa nini nisiogope? Lakini aibu ya kumgeuka yule bibi siiwezi."

Anaipiga tena. Safari hii inalia hasa, mpaka fundi cherehani wa jirani anachungulia dirishani. Riziki anaifunga kwa kanga. Jumamosi atapanda nayo bodaboda hadi Mahurunga, na atabaki huko, ndani ya uzio wa unyago wasikoingia wanaume, mpaka mabinti watolewe.

Na barua ya kumfukuza kazi je?

"Aniletee hukohuko unyagoni," anasema. "Nimwone mwanamume atakayevuka ule uzio."