Jina Ambalo Mashine Haikulitafuta

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, hapa hapa Bunia, nilipomwambia mama wa watu kwamba mtoto wake hayupo, na kumbe mtoto alikuwepo. Nilimwambia kwa upole, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Upole wangu haukumsaidia kitu. Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikusikia ukisema ukurasa wako wa kompyuta uko tayari, na ulikuwa umeubonyeza mara mbili tatu tu. Nikajiona mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala, nilikosomea kompyuta, na katika mji huu watu waliojua kazi hiyo ulikuwa unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Waliniita Jeannette wa mashine, na jina hilo lilinipendeza kuliko lilivyostahili. Vita vilikuwa vimeujaza mji. Watu walishuka kutoka upande wa Djugu na godoro kichwani, wengine bila godoro. Njiani familia zilikatika: mama alikimbilia huku, mtoto akafuata mkono wa mtu mwingine akidhani ni wa mama yake. Watoto wengi waliingia Bunia wameshika kitenge cha mtu wasiyemjua.

Katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa tulifungua ofisi ya kuwatafutia watoto hao wazazi wao. Aliyeandika majina alikuwa Papa Anselme, muzee aliyekuwa sekretere, yaani karani, wa shule ya msingi huko Djugu zaidi ya miaka ishirini. Naye alikuwa mkimbizi kama wengine. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, upande wa pili alikuwa ameufunga kwa uzi. Kila asubuhi alikwenda kambi ya wakimbizi na kaye yake, yaani daftari lake, akaketi chini pamoja na watoto, akawauliza polepole: mama yako anakuitaka namna gani? Alivyosikia ndivyo alivyoandika, pamoja na kila nukta na kila alama.

Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza majina ya kaye ndani ya kompyuta na kutengeneza ukurasa wa kuyatafuta. Nyinyi mmezaliwa na intaneti mkononi, kwa hiyo nikueleze. Ukurasa ule haukuwa kwenye intaneti. Ulikaa ndani ya mashine yangu, na seva ndogo niliyoiwasha humo humo ndiyo iliyouonyesha, kama mtu anayejipikia na kujipakulia mwenyewe. Ulikuwa na sehemu tatu: fomu ya kuandikisha mtoto, kisanduku cha kutafuta, na orodha ya majibu yenye picha. Jenereta iliwaka kutwa ikipatikana mafuta, saa mbili tu yakiwa haba.

Fomu niliitengeneza kwa utulivu, nikaijaribu wiki nzima. Kisha tukaambiwa Ijumaa watakuja wageni kuuona ukurasa, na wakiupenda watauchukua kwenye diski waupeleke Beni na Aru, ambako nako watu walitafuta wazazi wa watoto kama tulivyofanya sisi. Nikashikwa na haraka. Kisanduku cha kutafuta nilikitengeneza kwa siku mbili. Nilikijaribu kwa jina langu, kikanipata. Nikakijaribu kwa jina la dada yangu Chantal, kikampata. Mara moja moja seva ilinipigia kelele kwa maneno marefu mekundu ya makosa, na nikaona aibu kwamba wageni wataona uchafu ule. Basi nikaandika amri moja fupi: likitokea kosa lolote, usilionyeshe, andika tu «Hakuna mtoto mwenye jina hili.» Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, nikapaka na rangi juu.

Papa Anselme aliniomba jambo moja. «Binti, tukae na weye siku moja. Mimi nasoma majina mu kaye, weye unatafuta, moja kwa moja mpaka mwisho.»

Nikamjibu, «Papa, majina iko zaidi ya mia sita. Mashine haichokake, haisahauke. Kama inapata moja, inapata zote.»

Aliifunga kaye yake akaenda kambini.

Jumatano, kama saa nne ya asubuhi, akaingia mwanamke mmoja mrefu, miguu imejaa vumbi jekundu la barabara. Alikuwa ametembea siku nyingi akilala porini. Hakuketi nilipomwonyesha kiti.

«Niko natafuta mutoto yangu,» alisema. «Jina yake Dz've. Dz've Esperance. Iko na miaka munane. Alichomwaka na moto hapa, ku mukono ya kushoto.»

Nikaandika jina lile herufi kwa herufi, na ile alama ndogo ya juu, apostrofi, nikaiweka mahali pake. Nikabonyeza. Ukurasa ukajibu haraka na kwa usafi, kama nilivyoufundisha.

«Mama, mashine inasema haiko.»

Aliniangalia. «Haiko hapa Bunia, ama haiko tena?»

Mwanangu, nikarudisha macho kwenye kioo. Nikasema tu, «Haiko mu liste, Mama.» Akashukuru. Ndiyo, alinishukuru. Akasema basi ataenda Tchomia, kando ya ziwa, na kamyo, lori la wachuuzi wa samaki, kwa sababu wengine wa kwao walikuwa wanavuka ziwa kwenda Uganda, labda mtoto alivuka nao. Akatoka, nami nikarudi kupanga rangi za ukurasa kwa ajili ya wageni.

Saa sita Papa Anselme akarudi na majina mapya. Nikamwambia kama mtu anayesimulia habari za kawaida kwamba alikuja mama mmoja kutoka Djugu akimtafuta Dz've, na hatukumwona. Muzee akasimama pale pale mlangoni.

«Dz've? Wa kuungua mukono?»

Hakufungua hata kaye kwanza. Alijua jina liko karatasi gani. Kisha akaifungua mezani mbele yangu, na jina lilikuwa pale kwa mwandiko wake wa sekretere: Dz've Esperance, miaka minane, kovu la moto, anakaa na familia moja nyuma ya soko. Jina lile nililiingiza mimi mwenyewe ndani ya mashine, wiki mbili kabla.

Nikalitafuta tena. Hakuna. Nikaifuta ile amri yangu fupi, nikatafuta mara ya tatu, na maneno mekundu yakajaa kioo. Seva ilikuwa inalia tangu asubuhi, mimi ndiye niliyeifunga mdomo. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kwa seva, ile apostrofi ni alama ya kufunga neno. Ilipofika kwenye Dz ikadhani jina limekwisha, na yaliyofuata hayakuwa na maana kwake, ikakwama. Kwenye fomu nilikuwa nimeliona tatizo hilo zamani na kulirekebisha. Kwenye kisanduku cha kutafuta sikupita tena.

Papa Anselme hakuelewa maneno yale mekundu. Aliuliza kitu kimoja.

«Ulijaribu hii kitu na majina ya nani?»

«Na jina yangu, Papa. Na ya Chantal.»

«Basi hii mashine inajua kutafuta weye na dada yako.» Alivua miwani yake akaifuta kwa shati. «Na sikia tena, binti. Kama ungemuambia ule mama: sijaweza kutafuta, angekaa hapa. Angengoja. Lakini ulimuambia haiko. Hukutafuta, na ulimuambia haiko.»

Alisema taratibu, bila hasira. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Nyani haoni kundule, na mimi siku ile nilionyeshwa.

Tulikimbia mpaka mahali kamyo zinapopakilia. Ya Tchomia ilikuwa imeondoka saa nzima kabla. Nilikaa chini kwenye mfereji nikalia, na Papa Anselme akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, «Simama sasa. Machozi haikamatake kamyo.» Tukaenda kwa mapadri waliokuwa na foni, ile redio ya kuzungumza na parokia za mbali, tukawaomba watume habari Tchomia: mwanamke mrefu wa Djugu anayemtafuta Dz've, asivuke ziwa, mtoto yuko Bunia.

Siku mbili hatukusikia kitu. Ilisemekana njia imefungwa, na kwamba kamyo moja ilipigwa risasi. Ijumaa wageni wakaja. Nikawaambia ukurasa hauko tayari, una kosa, na kosa ni langu. Mmoja akakunja uso. Papa Anselme akamwambia asogeze kiti pembeni, maana tulikuwa na kazi, na kweli tulikuwa nayo. Alikuwa akisoma kaye tangu ukurasa wa kwanza, jina baada ya jina, nami nilitafuta kila moja kwenye seva yangu. Tulipata majina kumi na manne yenye apostrofi. Tulipata mengine yenye nafasi iliyoachwa mwishoni, nayo hayakuonekana. Tulipata mtoto aliyejulikana kwa jina moja tu, na kisanduku changu kilidai mawili. Kidole kimoja hakivunji chawa: mimi nilijua mashine, yeye aliwajua watoto, na mpaka tulipokaa meza moja ukurasa ule ulikuwa kipofu.

Jumamosi foni ikajibu. Mama alikuwa hai. Kamyo yao ilikuwa imepita kabla ya njia kufungwa. Wanawake wanaokausha samaki kando ya ziwa walikuwa wamempa mahali pa kulala, na zamu yake ya kuvuka ilikuwa Jumatatu. Alirudi baada ya siku kumi na moja, njia ilipofunguka. Tukamleta Dz've ukumbini. Mtoto alijificha kwanza nyuma ya mwanamke aliyemtunza, akachungulia, akatoka. Hakukimbia. Alikwenda hatua kwa hatua mpaka akamgusa mama yake usoni, akasema, «Mama, umekonda.» Basi. Sisi wengine tukatoka nje tukawaacha.

Ningependa nikomee hapo, lakini nitakuwa nimekuficha tena kosa. Jumanne, siku moja kabla ya mama yule, alikuja baba mmoja kumtafuta mwanawe aitwaye Dz'na. Naye nilimwambia haiko, na kumbe jina la mwanawe lilikuwa ndani ya kaye. Papa Anselme aliponiuliza baba huyo anaitwa nani na analala wapi, sikuwa nimeandika chochote. Tuliuliza kambini, tukatuma habari Tchomia na Boga, tukatangaza kanisani. Hatukumwona tena mpaka leo.

Dz'na alilelewa na familia moja ya hapa mjini. Alipokuwa kijana mkubwa, amekwisha kuwa fundi seremala, nilikwenda karakana yake nikamwambia yote, bila kupunguza. Nilitegemea anifukuze. Aliiweka randa juu ya ubao.

«Alikuwa anavaa nini?» akaniuliza.

«Koti ya kahawia. Na kofia, alikuwa anaishika mu mikono.»

Akainamisha kichwa. «Miaka yote nilikuwa nawaza hakuna mutu alinitafuta,» akasema. «Basi alinitafuta.»

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba aseme hivyo. Lakini Krismasi iliyofuata alinitengenezea kiti, na ndicho ninachokalia mpaka sasa nikifundisha.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Unapotengeneza ukurasa kwenye kompyuta yako, pale unapokuwa peke yako na hakuna anayeumia, hapo ndipo pa kukosea. Kosea hapo mpaka uchoke. Kila sehemu ijaribu yenyewe, kisha zijaribu pamoja, na usiseme hii ni ndugu ya ile niliyokwisha kuirekebisha. Usijaribu kwa jina lako. Jina lako limezoea kupokelewa. Tafuta majina magumu, ya watu wa mbali, yaliyoandikwa na mkono uliochoka, na ukiweza mwite mtu anayewajua wenye majina hayo akae karibu nawe, hata kama hajui kuwasha mashine. Kosa likipiga kelele, liache lipige, lisikilize, ni mwalimu wa bure. Na zaidi ya yote, ukiwa hujui, sema hujui. Kati ya «haiko» na «sijaweza kutafuta» kuna njia ndefu, na watu wa kweli hutembea njia hiyo kwa miguu. Na ukikosea, maana utakosea, nenda kwa uliyemkosea ukamwambie kwa mdomo wako mwenyewe.

Papa Anselme alizikwa miaka mingi iliyopita. Hakuwahi kujifunza kompyuta.

Mungu akupe mikono yenye subira na sikio lisilochoka. Akupe muzee wa kukuuliza swali gumu ungali na nafasi ya kulijibu. Na kila atakayekuja mezani kwako akimtafuta mtu wake, Mungu amjalie asikie kutoka kwako neno la kweli. Nenda sasa, mwanangu, ukaufungue tena ukurasa ule.