Chesisi Isiyo na Mkwaruzo

Juzi, kwenye maonyesho ya magari ya kale pale mjini Greenbelt, huku ugenini, mzee mmoja alikuwa akijisifu kwamba chesisi ya pikapu yake, yaani fremu ya chuma ya chini, haina hata mkwaruzo. Damu ilinichemka. Niliondoka haraka nisije nikamporomoshea matusi.

Gari kama lile ndilo baba alilolifungia bamba la chuma la kusukumia theluji, alasiri moja nilipokuwa mdogo, uani kwa bosi wake, mwenye gari, huko Landover. Bosi alikuwa ameshamwonya: "Usitoboe, usichomelee, sitaki chesisi iguswe." Basi baba alilala chali kwenye theluji, akikaza bolti kwenye matundu ya zamani, huku nikisikia harufu ya grisi na spana ikigonga chuma. Ghafla bamba likaanguka, likambana vidole.

"Mwanangu, nipe mtandio wako," alisema. Mtandio wangu mweupe ukalowa damu.

Bosi akaja mbio, akapiga magoti palepale. Nilifurahi, mjinga mimi. Nyumbani kwetu anayepiga magoti anaomba radhi, kwa hiyo nilisubiri amwambie baba pole.

Akamulika tochi chini ya gari, kisha akainuka akitabasamu.

"Haina hata mkwaruzo," alisema.