Kifuniko Chenye Matundu

Shangazi yangu, ambaye sisi humwita Waya, huuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule sokoni Kisegi, na Mungu alipomuumba alimzidishia pua. Akipita tu karibu na gunia anajua kama omena wameanikwa jana au wamenyeshewa. Kuku wa Dani, yaani nyanya yangu, akipotea kule nyumbani karibu na Rodi Kopany, Waya huitwa kabla ya chifu. Huzunguka akiwasalimu majirani kwa mikono miwili, halafu anajifanya kujikuna pua. Mara mbili alimpata mla kuku kwa njia hiyo. Nilikuwa nikimwita Inspekta wa Omena ili nimkere, naye, wacha wee, akalipenda jina.

Sikucheka siku mwenye nyumba alipopiga simu kutoka Nairobi. Baba mdogo, kitinda mimba wa Dani, fundi wa viti, alikuwa amekutwa amekufa kitandani katika chumba chake cha kupanga. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, dirisha limezibwa kwa magazeti, na kando ya kitanda kulikuwa na chupa ya soda iliyobaki na sumu nusu. Polisi walisema amejiua. Majibu ya damu yake kutoka maabara yangechukua miezi, na wazee wetu hawakuwa na miezi.

Kwetu, aliyejiua hapitii langoni. Ua hutobolewa pembeni aingizwe kama mwizi, na kaburi lake huchimbwa nje ya boma. Mzee wa ukoo alikuwa ameshaonyesha mahali kwa fimbo yake, kule nyuma penye vichaka. Dani alikaa chini akauliza, "Mtoto wangu alale nje kwani alikosa mama?"

Waya akasimama. "Nipeni siku nne," akasema. "Na huyu atanishikia mkoba." Huyu ni mimi, mama wa watoto watatu, mwenye duka la nafaka pale Rongo. Nikashika mkoba.

Tulifika Nairobi Ijumaa alasiri, na jua lilipotua Waya akafunga uchunguzi kwa sababu ya Sabato. Kutwa nzima ya Jumamosi tulikuwa kanisani tukiimba, nikiwa nimekasirika kwa vile siku zetu nne zilikuwa zikiisha. Jumapili asubuhi tukaenda kwenye kile chumba. Waya akasimama mlangoni, akafumba macho, akaanza kuvuta hewa.

"Mama ni mgonjwa?" mwenye nyumba akaniuliza.

"Yuko kazini," nikasema, na aibu ikanipata kidogo.

Waya akamgeukia yule maskini. "Wewe! Siku hiyo ulivaa shati gani?"

"Mimi? La bluu, nafikiri."

"La bluu," akarudia, akitikisa kichwa kana kwamba mambo yameiva. Baadaye nilimuuliza shati linahusu nini. Akasema halihusu kitu, alitaka tu kumzoeza kujibu.

Lakini ndani hakufanya mchezo. Chini ya meza alivuta sufuria ya maharagwe yaliyolowekwa, yamechacha na kuanza kuchipua. "Mtu anayetaka kufa leo," akaniuliza, "analoweka maharagwe ya kesho ampikie nani?" Kisha akainua chupa, ambayo polisi waliitazama wakaiacha palepale. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri, na kimetobolewa kwa msumari matundu saba. Hakuna anayekunywa kwa kitu kama hicho. Chupa ya namna hiyo ni ya kunyunyizia. Tukageuza godoro, na mishono yake yote ilikuwa na madoa ya dawa, na chini ukutani kunguni wamekauka wengi.

Basi tukaelewa. Alinunua dawa ya kunguni barabarani, ile inayouzwa kwenye chupa za soda bila maandishi yoyote. Akanyunyiza, akaziba kila mahali ili ifanye kazi, na kwa vile alikuwa amechoka, akajilaza humo humo ndani ya mvuke wake.

"Kunguni!" nikapiga kelele, nikamkumbatia Waya. Nani amewahi kuwafurahia kunguni namna hiyo? Yeye alikuwa ameliokota blanketi alikunje. Akalinusa. Akalinusa tena, kwa muda mrefu.

"Nini, Waya?"

"Hakuna. Shika mkoba."

Nyumbani, gari lililobeba jeneza likasimama nje ya ua, na Waya akawapitishia wazee kifuniko. Kila mmoja alikiweka jichoni akachungulia kwenye matundu. Mzee wa ukoo alikirudisha akasema, "Sawa. Lakini kijana yule alikuwa msafi, hata soli za viatu alizifuta. Kunguni aliwatoa wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie Nairobi imejaa kunguni. Ni kweli, na wote wangekubali. Waya akanitangulia.

"Kwangu," akasema. "Katika matanga yaliyopita hapa, tulikusanya blanketi za kuwalaza wageni. Langu lililaliwa na watu nisiowajua. Asubuhi ndugu yangu alikuwa anarudi Nairobi, nikamwona hana kitu cha baridi, nikampa bila hata kulianika. Nimelinusa kule, lina moshi wa jiko langu." Akanyoosha mkono kuelekea langoni. "Mlitaka kujua nani alimuua. Sasa fungueni lango."

Hakuna aliyesogea. Dani aliinuka mwenyewe, taratibu, akaenda akalifungua lango mbawa zote mbili. Akarudi, akachukua mkono wa binti yake, wakamfuata mtoto wake ndani.

Tangu hapo kuku wa Dani wameibwa mara mbili. Nilimpigia Waya simu nikamwambia, Inspekta, kazi imepatikana. Akaniuliza kama watoto wangu wamekula, na kama nimeanika blanketi zao.