Vidude Viwili vya Bluu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya intaneti lilikuwa kupenda vitu vifanane. Nilijifundisha peke yangu kwa kubomoa vifaa vibovu, na kila nisichokijua nilikiogopa, nikaificha hofu hiyo nyuma ya usafi.

Chumba chetu cha intaneti, pale Kasenga, kilitegemea uzi mmoja wa kioo uliotoka kwenye mnara wa Kalundu. Kila mwisho wa uzi ulichomekwa kwenye kidude cha chuma, kama kidole kwa ukubwa, tulichokiita moduli. Hicho hugeuza umeme wa kompyuta kuwa mwanga, na mwanga unaoingia huugeuza kuwa umeme tena.

Vita vilipokaribia mji, umeme ulikuja kwa nguvu ukaiunguza moduli yetu ikawa nyeusi yote. Simu nazo zilikuwa hazishiki mtandao. Jirani yangu wa mtaa wa Nyamianda, mama mtu mzima, alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, ukurasa wake wa ujumbe ukiwa wazi kwenye kompyuta. Binti yake alikimbilia Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, na watoto, naye hakujua amfuate au amngoje.

Akiba yetu ilikuwa moduli mbili: moja yenye kishikio cha bluu, nyingine cha njano. Nilikumbuka ile ya Kalundu ni ya bluu, basi nikachomeka ya bluu. Taa haikuwaka. Nikaitoa, nikafuta ncha ya uzi kwa alkoholi, nikarudisha, nikatoa, nikafuta tena. Milimani bunduki zililia. Ile ya njano hata sikuigusa. Ilinikera macho.

"Weye petit," akasema yule mama, aliyezoea kuniita mdogo kwa Kifaransa, "unaifuta hivyo, unataka kuioa?"

"Iko karibu, Maman."

"Iko karibu tangu asubuhi! Minye naenda Kalundu kutafuta boti ya kuvuka ziwa."

Akaondoka. Nilitamani kulia. Nikazigeuza zile moduli na kusoma maandishi madogo ya ubavuni, ambayo nilikuwa nimeyaruka kwa sababu rangi ilishaniridhisha. Ya bluu hutuma mwanga wa aina moja na kupokea wa aina nyingine. Ya njano hufanya kinyume chake. Katika uzi mmoja, bluu mbili hutuma mwanga ambao hakuna hata moja inayoweza kuupokea.

Nikachomeka ya njano. Taa ya kijani ikawaka, na kwenye kompyuta ya yule mama ujumbe ukaingia: "Mama usivuke. Tunarudi kwa barabara, tutapita mpaka wa Kavimvira."

Nilidandia pikipiki hadi bandari ya Kalundu. Nilimkuta na mzigo kichwani, mguu mmoja tayari ndani ya boti.

"Maman, shuka! Iko wanarudi!"

Akanitazama. "Umemaliza kufuta?"

Kisha akakaa juu ya gunia la mtu, akalia.

Binti yake alifika kesho yake na watoto wote. Mimi bado ni mwoga, na bado nafuta kila ncha. Lakini siku hizi nasoma kwanza maandishi ya vidude vyote viwili, na sitafuti tena vinavyofanana.