Halwa ya Mama na Hasi Nilizozifuta

Aibu iliyonipata Kilifi siku ile, wallahi, sasa naicheka mwenyewe, lakini wakati ule nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na buibui langu jipya).

Nilikuwa mwanagenzi katika maabara moja pale mjini, kazi yangu kuchambua jeni za seli za damu, seli moja moja, kwa kompyuta, na ripoti yangu ndiyo ingeamua kama nitaajiriwa au nitarudi Mambrui kumsaidia mama kukaanga viazi karai. Sasa, ile programu haikupi hesabu tupu, maana seli nyingine imesomwa sana na mashine, nyingine kidogo, kwa hivyo inakadiria katika kila seli jeni ilitarajiwa kufanya kazi kiasi gani, kisha inakupa tofauti: iliyozidi ni chanya, iliyopungua ni hasi. Mimi (mjuaji!) nikasema kazi ya jeni haiwezi kuwa chini ya sifuri, hili ni kosa la mashine, nikazifuta hasi zote. Zikabaki zilizozidi tu, nikaona jeni niliyopewa kuichunguza imepanda kila mahali, nikampigia mama simu kwamba nimegundua jambo kubwa.

Kumwambia mama ni kuwaambia Mambrui yote. Siku ya ripoti watu wamejaa ukumbini, ndio kwanza nafungua mdomo, mama huyo mlangoni na shangazi Zuhura, sinia la halwa na dele la kahawa. Hakuna aliyethubutu kuwarudisha, wakaketishwa mbele.

Nikamwaga maneno. Nilipomaliza, mkuu wetu, Dakta Kadzo, akauliza kwa upole, "Na zilizopungua ziko wapi?"

"Nimezifuta, Dakta. Zilikuwa hasi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Dakta akaeleza kwamba hasi ni chini ya ilivyotarajiwa tu, na ukizifuta, hata jeni iliyolala itaonekana imepanda. Nikajua kazi imekwenda.

Mama akauliza, ukumbi mzima ukisikia, kama nimefaulu. Nikamwambia la, mama, nimekosea. Akasimama, akafunua sinia.

"Basi kuleni mpate nguvu ya kumfundisha. Halwa hairudi Mambrui."

Dakta alicheka hadi akavua miwani, akala, akaniambia Jumatatu nije na hasi zangu zote. Nikaja, na baadaye nikaajiriwa. Tangu hapo sifuti kitu bila kuuliza, na mama simwambii habari mpaka Dakta aipitishe, ingawa Dakta mwenyewe, kila nikisimama kutoa ripoti, hutazama mlango kwanza.