Waziri Amelala

Harufu ya plastiki iliyopata moto kwenye mashine ya kubandika picha, hapa Kangle, mtaa wa Wachina wa karakana za nguo, ni ileile ya projekta ya mapadri Waitaliano kwenye ukumbi wa misheni yetu nilipokuwa mtoto.

Filamu ilikuwa ya Kiitaliano, na baba yangu, katekista, alitutafsiria kwa kipaza sauti. Waziri kafia jukwaani, na wasaidizi wake hawataki kampeni isimame, basi wanamfunga kamba mkononi na kuivuta ili awapungie watu. Nzi akatembea juu ya jicho lake lililo wazi. Nikaangua kicheko peke yangu.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, kwenye kiti cha mbele, akageuka taratibu.

“Waziri amechoka na kazi za wananchi,” baba akasema haraka. “Amelala.”

“Baba, amekufa!”

“Amelala,” akarudia, jasho likimtoka. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Leo fulana nilizoagiza zinatoka zikiwa moto, zina uso wa mwenyekiti yuleyule kifuani. Laoban, mwenye karakana, anauinamia.

“Huyu mzee amekufa? Fulana za msiba?”

“Hapana, laoban,” najibu haraka. “Anagombea tena.”