Muziki wa Luc kwa Saidati

Mwaka 1998 Saidati alikuwa na mgahawa mdogo mjini Gisenyi, Rwanda, kwenye njia ya Petite Barrière, kituo cha kuvukia mpaka kwenda Goma, Kongo. Wapagazi waliotoka kuvusha mizigo Goma walikula kwake maharage na sombe ya majani ya muhogo, huku redio yake ya kaseti ikipiga rumba mchana kutwa.

Luc alikuwa Mbelgiji, fundi wa malori ya shirika moja la misaada. Siku moja, alipomaliza kula, alitoa kaseti mfukoni akaomba iwekwe. Magitaa yalinguruma kama bati linalokatwa, ngoma zikakimbizana, na mwimbaji akafoka badala ya kuimba. Wapagazi waliacha kutafuna.

"Bon, hii ni nini?" Saidati aliuliza.

"Trashi metali, roki ya nguvu. Ngoma ni mimi napiga."

Kwa Kiswahili chake cha gereji alieleza kwamba bendi yao kule Ubelgiji iliitwa Ferraille, yaani vyuma chakavu. Ilirekodi albamu hii moja, watu hawakuinunua, wakatawanyika. Hakulalamika. Alikuwa akigonga meza kwa vidole, uso umemlegea kama wa kijana.

Mukantwari, jirani wa Saidati, akaingia mbio, mkono kifuani. Alikuwa mjane aliyekimbia mapigano kwenye vilima vya Kanama, na kila kishindo kilimrudisha huko.

"Funga hiyo, mutoto yangu. Roho yangu itatoka."

Saidati alimshika mkono, akamsogeza kwenye redio. "Ni ngoma tu, mama. Finya hapa."

Mukantwari akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kelele zikarudi. Akaendelea hivyo taratibu, kisha akavuta kiti.

"Hii, mi naweza kuinyamazisha," alisema. "Ile ya kule, hapana."

Luc alipohamishwa aliwaachia kaseti. "Hapa iko na watu," alisema. "Kwetu hapana."

Tangu hapo Mukantwari alikuja kila alasiri. Saidati alitwanga sombe akifuata ngoma za Luc, na mvua ilipozidi kwenye bati, mama yule ndiye aliyetaka sauti iongezwe. Wapagazi wageni walishtuka, wenyeji wakawacheka.

Mkanda ulikatika, ukaungwa kwa rangi ya kucha, hadi redio ikautafuna kabisa. Wakati huo vilima vilikuwa vimetulia, na Mukantwari amerudi Kanama kulima viazi. Saidati alivuka kwenda Goma kutafuta kaseti nyingine. Sokoni hakuna aliyelijua jina la Ferraille, kwa hiyo akauigiza muziki wenyewe: magitaa kwa mdomo, ngoma kwa viganja juu ya meza ya muuza kaseti. Watu wakajaa, wengi wakicheka. Muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni muzuri, mama," alisema. "Lakini hiyo sina. Nazani hakuna mutu iko nayo."

Saidati alicheka pia, akijifuta macho. Watu wakamwomba arudie, naye akarudia.